Dhana ya Kicho katika Maumbile, Fasihi na Sanaa: Mfano wa Lodwar na Kakuma

1. Utangulizi

Kila mwalimu aliyepata kusomesha nadharia ya fasihi kwa Kiswahili amekutana na dhana moja isiyokubali kukaa katika neno moja. Ni ile hali impatayo mtu anapokabiliwa na kitu kikubwa mno, au chenye nguvu mno, au cha kale mno, hata akili ikashindwa kukizunguka, na moyo ukatishika na kufurahi kwa wakati mmoja. Bahari iliyochafuka, mlima, magofu ya mji uliokufa, utenzi usimuliao maangamizi: vyote hivi vimetajwa na wanafalsafa kuwa vyaweza kumtia mtu hali hiyo. Lugha za Ulaya zina neno lake maalumu. Sisi husema utukufu leo na adhama kesho, na keshokutwa tunaikimbilia sentensi nzima ya maelezo.

Makala haya yana makusudio mawili. Kwanza, ni kupendekeza kwamba neno kicho, ambalo ni la Kiswahili na la zamani, lafaa kubeba dhana hiyo kuliko mengine. Pili, ni kuonyesha kwamba uchaguzi wa neno hapa si kazi ya kamusi peke yake. Neno hubeba ndani yake rai kuhusu mtu ni nani mbele ya maumbile, na rai hiyo ina matokeo katika maisha ya watu.

Nimechagua kuyapima mambo haya katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, na hasa katika sehemu iliyo baina ya Lodwar, makao makuu ya kaunti hiyo kando ya mto Turkwel, na Kakuma, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar. Sababu yangu ni kwamba nchi hii imetazamwa na kutukuzwa na wageni kwa zaidi ya karne moja, na katika muda huohuo imetendewa kama nchi isiyo na kitu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kule kutukuza na huku kudharau kuna mzizi mmoja.

2. Dhana ilivyokuzwa Ulaya

Chanzo cha mjadala huu ni risala ya Kigiriki ambayo wengi huiweka katika karne ya kwanza, na ambayo mwandishi wake tumezoea kumwita Longinus ingawa hakuna uhakika juu yake. Yeye alikuwa akizungumzia balagha. Alishikilia kwamba maneno makuu hayamshawishi msikilizaji tu, bali humtoa nje ya nafsi yake. Mwaka 1674 Boileau aliifasiri risala hiyo kwa Kifaransa, na tangu hapo dhana ikatoka katika balagha ikaingia katika maumbile, uchoraji na falsafa.

Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757, aliitenga dhana hii na uzuri. Uzuri, kwa maoni yake, ni wa vitu vidogo, laini na vyororo, navyo huamsha mapenzi. Hiki kingine huzaliwa na hofu: hutokana na giza, upana, nguvu, upweke na ukimya. Lakini Burke aliweka sharti. Hofu ikiwa karibu mno ni maumivu matupu. Ili ilete ladha, hatari haina budi kuwa mbali kidogo.

Immanuel Kant alilikaza sharti hilo mwaka 1790. Alizigawa hali hizi sehemu mbili: ile ya ukubwa usiopimika, na ile ya nguvu zisizoshindika. Mawingu ya radi, milima ya moto na bahari yenye tufani hutuvuta, alisema, ilimradi sisi wenyewe tuko mahali salama. Hapo mtu hugundua kwamba, ingawa mwili wake ni dhaifu mbele ya maumbile, akili yake imeyapita maumbile yote. Kwa hiyo kikomo cha safari ya Kant si mlima wala bahari. Ni mtu kuufahamu ukuu wake mwenyewe.

Mambo mawili yafaa kutiliwa maanani kabla ya kuendelea. La kwanza ni la lugha. Neno la Kigiriki alilotumia Longinus lina maana ya kimo. La Kilatini lililorithiwa na Wafaransa na Waingereza lina maana ya kuinuka juu. La Kijerumani alilotumia Kant lina maana ya kilichoinuliwa. Picha iliyomo ni moja: ni picha ya kwenda juu. La pili ni la mahali. Katika Burke na Kant kuna mtazamaji, naye amesimama penginepo. Kinachotazamwa hakimgusi, na yeye hakidai wala hadaiwi nacho.

3. Maneno tuliyo nayo

Tukirudi katika Kiswahili, hatukosi maneno. Tatizo ni kwamba yako mengi, na kila moja lina upande wake.

Utukufu latokana na kitenzi -tukuka, nalo linafanana sana na yale ya Ulaya kwa kuwa lina maana ya kuinuliwa daraja. Ni neno zuri la sifa, lakini halina hofu ndani yake. Adhama na ukuu ni ya enzi: yanamfaa mfalme, na yanaufaa mlima kwa kuwa tumeufananisha na mfalme. Fahari imeelekea mno katika mapambo na majivuno.

Neno haiba lina historia ya kufunza. Asili yake ya Kiarabu ni kicho hasa, yaani ile heshima yenye kutetemesha ambayo mtu huipata mbele ya mwenye nguvu. Lakini Kiswahili kimelilainisha. Leo mwenye haiba ni mtu apendezaye, mwenye mvuto na sura ya kuvutia. Neno limetoka upande wa hofu likahamia upande wa uzuri, na kulirudisha lilikotoka kwa amri ya wataalamu ni kazi bure.

Fikra ya Kiislamu iliyoenea pwani ilikwisha kulitenga jambo hili muda mrefu kabla ya Burke. Wanazuoni wa tasawufi walizigawa sifa za Mwenyezi Mungu katika zile za jalali, zenye kuogofya, na zile za jamali, zenye kupendeza. Ni mgawanyo uleule wa karne ya 18 huko Ulaya, ila wao walizikusanya sifa zote mbili katika dhati moja. Jalali lingekuwa neno la kufaa kabisa lau lisingefungwa na matumizi yake ya kidini.

Limebaki kicho. Kitenzi chake, -cha, hakitumiki tena peke yake katika mazungumzo ya kila siku, na lazima kitengwe na jozi yake ya sauti yenye maana ya kupambazuka. Lakini kimeacha watoto wengi: mcha Mungu, uchaji, na -chelea. Tunasikia mtu akisema nachelea kusema jambo fulani, na methali hutuonya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Tukiichunguza familia hii ya maneno, tunaona kwamba -cha si sawa na -ogopa. Aogopaye hukimbia au hujificha. Achaye husimama palepale akayarekebisha mambo yake: hupunguza sauti, huchunga ulimi, hufuata njia ipasayo. Kicho ni hofu yenye adabu ndani yake. Huwapo kwa sababu ya uhusiano, na huendelea kuwapo hata baada ya tukio kupita.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka kuipeleka Turkana ikapimwe.

4. Ziwa kwa mbali na ziwa kwa karibu

Ziwa Turkana liko kiasi cha kilomita 60 mashariki ya Lodwar. Lina urefu wa kilomita zipatazo 250, nalo huhesabiwa kuwa ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote duniani katika nchi ya jangwa. Maji yake ni ya magadi, na rangi yake hubadilika kwa mwanga na upepo baina ya buluu na kijani.

Mwezi Machi 1888 Sámuel Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, walifika upande wa kusini wa ziwa hilo. Msafara wao ulikuwa umeanzia pwani yetu. Wapagazi wake wengi waliandikwa Unguja na Pangani, na miongoni mwa waliouongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara ya pembe za ndovu wa Pangani. Von Höhnel aliandika habari za safari hiyo, na maelezo yake ya ziwa ni mfano safi wa yale tuliyoyasoma katika Burke na Kant. Waliliona kwanza kutoka juu, baada ya mwendo wa taabu katika nchi ya mawe ya volkeno, nao wakajawa na furaha na mshangao. Kisha wakateremka. Watu waliokuwa wakifa kwa kiu wakalikimbilia lile jambo la ajabu, wakainama wanywe, wakakuta maji yana chumvichumvi.

Katika tukio hili nadharia imesimuliwa na kukanushwa kwa pamoja. Furaha ya juu ya mlima ilikuwa ya kweli, hakuna haja ya kuibeza. Lakini ilitegemea umbali. Na umbali ulipokwisha, kilichobaki ni swali la maji. Inasikitisha kwamba maneno waliyoyasema wapagazi walipoliona ziwa lile, na waliyoyasema walipoyaonja maji yake, hayakuhifadhiwa. Yangalikuwa maneno ya Kiswahili, na huenda tungalijifunza kwayo zaidi kuliko tujifunzavyo kwa von Höhnel.

Majina ya ziwa yanasimulia habari hiyohiyo. Wageni wale waliliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa Austria, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1975. Wasafiri wa Kiingereza wakaliita kwa rangi yake ya kijani. Waturkana huliita Anam Ka'alakol, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa bahari ya samaki wengi. Jina la kwanza linalihusisha ziwa na mtu ambaye hakupata kuliona. La pili linalihusisha na jicho la apitaye njia. La tatu linalihusisha na riziki ya akaaye ufukweni.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya karne ya 19 tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Kilifanya kazi muda mfupi mno kikafungwa, kwa kuwa gharama ya kugandisha samaki na kupata maji safi katika joto lile haikubebeka; na ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa uvuvi, ikakauka katika miaka iliyofuata. Tena, Septemba 2013 ulimwengu ulitangaziwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi, kaskazini ya Kakuma, kumegunduliwa hazina kubwa ya maji kwa msaada wa picha za setilaiti. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika kuhusu bahari iliyofichwa chini ya jangwa. Maji yalipopimwa baadaye yalionekana kuwa na chumvi kupita kiasi cha kunywewa. Baina ya Machi 1888 na Septemba 2013 kimo cha mtazamaji kilipanda kutoka mlimani hadi mbinguni, lakini mwisho wa hadithi haukubadilika. Wazee wetu walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapa twaweza kuongeza kwamba hujui hata ladha yake.

5. Laga

Ukubwa wa ziwa ni wa kutazamwa. Sasa tuchukue mfano wa nguvu. Lodwar hupata mvua chache, kwa wastani chini ya milimita 250 kwa mwaka, na mito mingi ya Turkana ni mito ya msimu, ile iitwayo laga kaskazini mwa Kenya. Kwa sehemu kubwa ya mwaka laga ni barabara pana ya mchanga mweupe yenye miti kandokando. Watu hupita humo, huchimba visima humo, mbuzi hulala vivulini mwake. Kawalase hupita Lodwar, na Tarach hupita Kakuma.

Laga hujaa kwa mvua iliyonyesha kwingine. Mbingu zaweza kuwa safi juu ya Kakuma, na wakati huohuo maji yakawa njiani kutoka milima ya mbali. Hutangulia sauti, kisha hufuata ukuta wa maji ya tope yaliyobeba magogo, na mahali palipokuwa njia ya miguu hapapitiki tena. Watu na mifugo wamechukuliwa na mafuriko hayo mara kwa mara, na maji hayohayo ndiyo yanayojaza visima na kuotesha malisho.

Hapa sharti la Kant linatatiza. Mchungaji hana mahali salama pa kutazamia, kwa kuwa hakuja kutazama, anakaa. Je, tuseme basi kwamba yeye haijui hali hii, na kwamba ni anasa ya wageni? Wako waliosema hivyo kuhusu wakulima na wavuvi na wachungaji wa kila nchi: kwamba mwenye shida haoni adhama, huona hatari tu. Naliona dai hili kuwa ni la mtu aliyekosa neno. Ambaye nadharia yake inajua hali mbili tu, ile ya mtazamaji aliye salama na ile ya mhanga aliyetishika, hana mahali pa kumweka mtu anayesimama kando ya laga, akasikiliza, akajua saa ya kuvuka na saa ya kungoja, akawafundisha watoto wasilale mchangani msimu wa mvua. Mtu huyo si salama wala hajapagawa kwa hofu. Ana kicho.

Imani ya Waturkana inaelekea hukohuko. Akuj, jina la Mungu wao, huhusishwa na mbingu na mvua. Mvua huombwa naye, nayo ndiyo iletayo malisho na ndiyo ileile iletayo mafuriko. Jalali na jamali haziwezi kutenganishwa katika tone moja la maji.

6. Mawe na magofu: umbali wa wakati

Msomaji makini atauliza: bila umbali wowote, sanaa itapatikanaje? Mtu aliyemo majini hatungi utenzi. Swali hili ni la haki, na jibu lake liko katika fasihi simulizi. Umbali upo, ila si wa mahali. Ni umbali wa wakati. Aliyeokoka jana husimulia leo, na waliozaliwa baadaye husikia. Waturkana wamezoea kuipa majina miaka ya ukame na ya maradhi. Ukame na vifo vya mifugo vya miaka ya 1979 hadi 1981 hukumbukwa kwa jina la Lopiar, ambalo hufasiriwa kuwa lenye dhana ya kufagia. Neno moja limebeba msiba wa nchi nzima, na kila anayelitamka huongeza masimulizi yake. Hii ni sanaa fupi kupita shairi lolote, wala hakuna anayeitamka kwa kujiburudisha.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni Namoratunga, karibu na barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol. Hapo zimesimama nguzo 19 za jiwe la volkeno. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kwa kufuata nyota, na dai hilo likazua ubishi. Uchimbaji wa baadaye umeyarudisha maeneo ya nguzo ya Turkana nyuma zaidi, hadi yapata miaka 5,000 iliyopita, zama za wafugaji wa kwanza wa sehemu hizo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu eneo la Lothagam yalionyesha kwamba hapo palizikwa watu wanaokadiriwa kufikia 580.

Waturkana wana maelezo yao. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini chake ni kwamba nguzo hizo ni watu. Walikuwa wakicheza ngoma, akatokea kiumbe wa kutisha akacheza nao, wao wakamcheka, wakageuka mawe. Tukiisoma hadithi hii kwa makini, twaona inazungumzia hasa jambo letu. Waliogeuka mawe hawakuwa wamekosa ujasiri wala macho. Walikosa kicho. Walisimama mbele ya kilichowapita cheo wakakifanya mchezo wa kutazama. Hadithi inamweka msikilizaji mbele ya nguzo hizo na kumuuliza mwenendo wake, wala haimwambii chochote kuhusu ukuu wa akili yake.

Pwani yetu ina kazi iliyo sambamba na hiyo, ingawa haikutokana na asili moja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi baina ya karne ya 18 na ya 19, alitunga Al-Inkishafi akiwa na magofu ya mji wake mbele ya macho. Majumba yaliyowaka taa yamekuwa matupu, na katika vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure wamelala makinda ya ndege. Msafiri wa Ulaya wa zama hizohizo angalichora magofu yale na mwezi juu yake, akaondoka na ladha ya huzuni. Sayyid Abdalla hakufanya hivyo. Utenzi wake unausemesha moyo wake mwenyewe, na kila picha ya anguko inageuka kuwa swali: nawe je, utaendaje? Yeye pia alisimama katika umbali wa wakati, na kwake pia kicho kilidai mwenendo.

Hadithi ya mawe ya Waturkana na utenzi wa Mwislamu wa Pate zimetoka katika lugha, dini na nchi tofauti kabisa. Kukutana kwao katika jambo hili ndiyo hoja yangu kubwa kwamba kicho si neno la kulazimisha.

7. Jina la Kakuma

Sasa nirudi katika matokeo niliyoyagusia mwanzoni. Katika vitabu na taarifa nyingi za Kiingereza kuhusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, msomaji hukuta maelezo kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Sisi tunaosomesha lugha hii tunajua kwamba Kiswahili hakina neno kama hilo. Kakuma ni jina la mahali la Waturkana, nalo limekaa pamoja na Kalokol, Kalobeyei na Katilu, kama vile Lodwar ilivyokaa pamoja na Lokitaung na Lokichoggio.

Kosa hili halikudumu kwa bahati mbaya. Limedumu kwa sababu linampendeza mtazamaji. Amefika mahali penye upeo usiokoma, akahisi utupu ambao Burke aliuorodhesha miongoni mwa vyanzo vya hali hii, akatamani mahali penyewe pawe na jina la utupu. Kiswahili kikasingiziwa jina hilo. Neno la uongo likaukamilisha mandhari.

Lakini nchi iitwayo tupu hutumiwa kama tupu. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambamo mgeni hakuingia bila kibali. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953, kisha yeye akawekwa kizuizini Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nchi ile ilifaa kuwa gereza kwa kuwa ilidhaniwa kuwa mwisho wa dunia. Ndipo tangu mwaka 1992 ikapokea wakimbizi kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko, ambao idadi yao, pamoja na wa makazi ya Kalobeyei, imezidi laki mbili. Baadhi yao ni wasemaji wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo na cha Burundi, na hukutana na Kiswahili cha Kenya sokoni na shuleni kandokando ya Tarach. Mahali panapodaiwa kuitwa hapana mahali kwa Kiswahili pamekuwa mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili cha nchi nyingi husikika kwa pamoja.

Upande wa pili wa jambo ni kwamba kusifiwa hakuokoi. Mlima Kilimanjaro uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987 kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kile cha maajabu na uzuri wa kimaumbile. Hifadhi za Ziwa Turkana ziliingizwa mwaka 1997 kwa vigezo vingine, vya historia ya dunia na vya viumbe hai. Kigezo cha uzuri hakikutumika. Mwaka 2018 zikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III lililojengwa katika mto Omo, ambao ndio unaolilisha ziwa. Jicho la uzuri lililipita ziwa hili, na jicho la adhama lililitazama kutoka mbali. La kicho, ambalo lingeuliza ziwa linaishi kwa nini na nani anaishi kwalo, ndilo lililokosekana.

8. Hitimisho

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba kicho ni neno la dini, kwa hiyo litaitia dhana ya ujumi katika ibada. Kweli, neno hili limo katika tafsiri ya Biblia, na kitenzi chake kimo vinywani mwa Waislamu na Wakristo sawia. Lakini hata Ulaya mpaka huo haukuwa imara: mwaka 1917 Rudolf Otto aliandika kuhusu utakatifu kwa maneno ambayo nusu yake yangeweza kutoka katika Burke. Tena kiambo cha -cha ni kipana kuliko ibada. Anayechelea kumuudhi mzazi wake hamwabudu.

Ya pili ni kwamba kicho kitaifuta furaha. Sioni hivyo. Vijana wa Kiturkana huwatungia nyimbo fahali wao wawapendao, na huinua mikono wakiiga pembe zao wanapocheza. Nchi yenye laga haijawazuia kuimba. Kicho hakikatazi furaha, hukataza dharau.

Napendekeza basi, kwa matumizi ya madarasa yetu, kwamba utukufu na adhama zibaki kuwa sifa za kitu, uzuri ubaki mahali pake, na kicho kiwe jina la hali impatayo mtu mbele ya kilichompita. Mwanafunzi atakayeisoma dhana hii kwa neno hilo ataweza kumfahamu Burke na Kant bila taabu, na zaidi ya hayo ataweza kuwauliza swali ambalo lugha zao hazikuwalazimisha kujiuliza: huyu anayetazama amesimama wapi, na anadaiwa nini na anachokitazama? Na atakaposoma mahali fulani kwamba Kakuma maana yake ni mahali pasipokuwapo, atakuwa na sababu mbili za kukataa, moja ya msamiati na moja ya adabu.